Jumba la Uffizi na Mkataba wa Bibi Anna Maria Luisa

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuwaongoza katika jumba la Uffizi, lililo katika mji wa Florence, nchi ya Italia, ambamo mmewekwa picha na sanamu zenye sifa ulimwenguni kote.

Jina hilo, Uffizi, maana yake ni ofisi. Mwaka 1560 mtawala Cosimo wa Kwanza, wa ukoo wa Medici, alimwamuru fundi Giorgio Vasari ajenge jumba la kuwakusanya pamoja mahakimu na makarani wa serikali. Ndiyo sababu lina pande mbili ndefu zinazotazamana, na kati yake ua mwembamba unaoelekea mto Arno. Baadaye Francesco, mwana wa Cosimo, alitenga orofa ya juu iwe mahali pa kuwekea vitu vya thamani vya ukoo wake.

Haya, na tupande hata orofa hiyo. Hapa pana chumba chenye pembe nane, kiitwacho Tribuna. Kuta zake zimevikwa mahameli nyekundu, na kuba yake imepambwa kwa makombe ya chaza. Katika chumba kingine twaiona picha ya Botticelli, iliyochorwa yapata mwaka 1485. Venus, mungu wa mapenzi wa Warumi wa kale, amesimama juu ya kombe la bahari, na upepo wamsukuma pwani. Zama zile mafundi wa Italia walikuwa wakijifunza upya elimu na sanaa ya Wayunani na Warumi.

Huenda mtu akauliza: ukoo wa Medici umekwisha zamani, mbona vitu vyao vingalipo? Watawala wa Mantua, walipohitaji fedha, waliuza picha zao nyingi kwa Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza, mwaka 1627 na 1628, zikaenda mbali.

Florence nayo ilikaribia msiba kama huo. Mwaka 1737 alikufa Gian Gastone, mtawala wa mwisho wa ukoo, bila mtoto, na nchi ikapewa mgeni, Francis wa Lorraine. Mali ya ukoo ilirithiwa na dada yake, Anna Maria Luisa, mjane asiye na mtoto. Hakuwa na jeshi wala kiti cha enzi. Lakini mwaka uo huo alifanya mkataba na Francis: vitu vyote vitakuwa vya dola, ila kisiondolewe hata kimoja, kwa kuwa ni pambo la nchi, vyawafaa watu wote, na vyawavuta wageni.

Bibi huyo alifariki mwaka 1743. Mkataba haukuzuia kila kitu, kwani almasi kubwa ya rangi ya manjano ilipelekwa Vienna. Lakini picha nyingi zilibaki, na mwaka 1769 mtawala Pietro Leopoldo aliwafungulia watu wote milango ya jumba.

Wazee wetu husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mafundi walichora na watawala walikusanya. Aliyeuachia mji hazina yake ni mwanamke aliyetaka ahadi iandikwe.