Ramani za kasi zilizoipa maada nyeusi ushahidi

Historia ya maada nyeusi, yaani maada isiyoonekana ila kwa mvuto wake, husimuliwa mara nyingi kana kwamba ni kazi ya mtu mmoja. Vera Rubin, mwanafalaki wa Marekani, alipima mzunguko wa galaksi ya Andromeda, mwaka 1970 akatangaza kwamba sehemu zake za pembezoni hazipungui kasi kama ilivyotarajiwa, na dunia ikasadiki. Heshima hiyo Rubin anaistahili, lakini simulizi limeruka hatua iliyobeba mzigo wote. Vipimo vya mwanga, vikiachwa peke yake, havikutosha kuwanyamazisha wenye shaka. Kilichowabana ni ramani za kasi zilizochorwa kwa mawimbi ya redio kule Uholanzi katika muongo huohuo, na nguvu ya ushahidi huo imo katika namna ramani yenyewe inavyosomwa.

Msingi wa hoja ni wa zamani. Kitu kinapozunguka, kasi yake hueleza kiasi cha tungamo kilichomo ndani ya njia yake. Utaridi hulizunguka Jua kwa kilomita 47 hivi kwa sekunde, Dunia kwa 30, Neptuni iliyo mbali kwa zaidi kidogo ya 5, kwa sababu tungamo karibu lote la mfumo wetu limo ndani ya Jua. Galaksi nayo, kama nyota tunazoziona ndizo zote zilizopo, ilipaswa kuonyesha kasi inayoshuka kuanzia pale mwanga unapoishia. Kulipima jambo hilo ndiko kulikuwa kazi. Mwaka 1917 Francis Pease wa kituo cha Mount Wilson alihitaji karibu saa 80 za kukusanya mwanga, usiku baada ya usiku, ili apate picha moja ya spektra ya Andromeda, na bado aliishia karibu na kitovu. Mwaka 1939 Horace Babcock alifika mbali zaidi na kukuta kasi haishuki. Alidhani huenda vumbi linameza mwanga wa nje, au nadharia ya mwendo inahitaji kutazamwa upya, kisha akahamia kwenye utafiti wa Jua, ambako ndiko alikojipatia jina. Dokezo lake likalala miaka thelathini.

Rubin na mwenzake Kent Ford waliliamsha kwa kifaa alichokiunda Ford, kilichoongeza nguvu ya mwanga hafifu. Walipima mawingu 67 ya gesi inayong'aa ndani ya Andromeda, la mbali zaidi likiwa takriban miaka ya nuru 78,000 kutoka kitovuni. Wao wenyewe hawakupiga kelele: waliandika kwamba kukisia tungamo lililo nje ya hapo ni suala la mtu na upendeleo wake. Tahadhari hiyo ilikuwa na sababu, kwa kuwa gesi ya aina hiyo hung'aa tu pale inapochomwa na nyota changa, na nyota zikiisha, kipimo nacho kimeisha. Ndiyo maana hata baada ya Rubin kuchapisha matokeo ya galaksi 21 mwaka 1980, Agris Kalnajs mwaka 1983 na Stephen Kent mwaka 1986 waliweza kuonyesha kwamba kasi nyingi za namna hiyo zinaelezeka kwa nyota zinazoonekana tu, bila kuongeza chochote cha siri. Pingamizi hilo lilikuwa la haki. Ndani ya eneo lenye mwanga, nyota zenyewe ni nzito kiasi cha kuibeba hesabu.

Haidrojeni baridi haina kikomo hicho. Atomu yake hutoa wimbi la redio lenye urefu wa sentimita 21, jambo alilolibashiri Hendrik van de Hulst mwaka 1944, Uholanzi ikiwa bado chini ya Wajerumani, na likathibitishwa mwaka 1951. Gesi ikitujia wimbi hufupika, ikitukimbia hurefuka, na kutokana na tofauti hiyo kasi hupatikana. Gesi hiyo huenea mbali kupita nyota. Darubini ya Westerbork, safu ya madishi yenye upana wa mita 25 kila moja, ilipoanza kazi mwaka 1970, wanafalaki waliacha kupima mstari mmoja ukatizao galaksi na kuanza kuipima galaksi nzima, nukta kwa nukta. Mwaka 1978 Albert Bosma wa Chuo Kikuu cha Groningen aliwasilisha tasnifu yenye kulinganisha galaksi 25.

Ramani hizo zinafaa kutazamwa kwa makini. Nukta zenye kasi sawa huunganishwa kwa mistari ya kontua. Karibu na kitovu, ambako kasi inapanda kadiri unavyotoka nje, mistari husimama sambamba. Kasi ikishuka huko mbele, mistari lazima ijifunge na kuwa vitanzi, kimoja kila upande. Kasi ikibaki ileile, haijifungi kamwe: hutawanyika kwenda nje kama miguu ya buibui, hadi gesi inapokwisha. Katika galaksi nyingi kubwa alizozichambua Bosma, miguu ilitawanyika.

Mtu angeweza kusema gesi haizunguki kwa utulivu, au diski imepinda pembeni na kumdanganya mpimaji. Mambo yote mawili hutokea, na Bosma aliyakuta. Lakini diski iliyopinda huupotosha mhimili wa ramani ukawa kama herufi S, na gesi inayotiririka kwenda ndani au nje huivuruga mistari ya katikati, ile iliyopaswa kuonyesha kwamba hakuna mwendo wa kutujia wala kutukimbia. Kwa hiyo kasoro hujitangaza, ikapimwa, ikaondolewa kwenye hesabu. Mstari mmoja wa spektra hauna namna ya kujisahihisha hivyo.

Mfano ulio safi kuliko yote ni NGC 3198, galaksi iliyotulia, isiyo na jirani wa kuisumbua. Mwaka 1985 Tjeerd van Albada na wenzake walionyesha kwamba gesi yake inakwenda kilomita 150 hivi kwa sekunde mpaka karibu miaka ya nuru 98,000 kutoka kitovuni, mbali kabisa na nyota. Waliwapa wapinzani nafasi yote: walizihesabu nyota kuwa nzito kadiri kasi inavyoruhusu. Hata hivyo maada isiyoonekana ilitoka angalau mara nne ya inayoonekana. Kwa hesabu hiyo, nyota na gesi peke yake zingeizungusha sehemu ile kwa takriban kilomita 70 tu.

Linabaki pingamizi zito kuliko yote. Mwaka 1983 Mordehai Milgrom alipendekeza kwamba hakuna maada iliyojificha. Sheria ya uvutano ndiyo hubadilika pale mvuto unapokuwa hafifu mno. Ukiniuliza, ramani za galaksi haziwezi kumshinda: kanuni yake huzibashiri kasi hizo vizuri kiasi cha kuwatia aibu baadhi ya wanaoikejeli. Anashindwa kwingine. Katika makundi makubwa ya galaksi, kama lile la Coma ambako Fritz Zwicky aliona upungufu wa tungamo mwaka 1933, kanuni hiyo bado inahitaji maada ya ziada, na mnururisho uliobaki tangu mwanzo wa ulimwengu unahesabika vizuri pale tu maada nyeusi inapokuwa zaidi ya mara tano ya hii ya kawaida. Ramani za kasi, basi, zimethibitisha pengo. Ushahidi wa nje ya galaksi ndio unaolijaza kwa maada badala ya kanuni mpya. Chembe yenyewe haijakamatwa na mtambo wowote, na hilo ni deni halisi la wanafizikia, lakini halipunguzi hata kilomita moja katika zile 150 za NGC 3198.