Mdomo wa Kiko Kugeuka Kijani: Historia ya Mpira, Salfa na Jua

Ukifungua sanduku la marehemu mzee, iwe Mbagala, Kigamboni au Bunju, unaweza kukuta kiko cha zamani. Bori, yaani pale panapotiwa tumbaku, bado ni zima. Lakini mdomo uliokuwa mweusi ti umepauka, umekuwa wa kijani na kahawia, na ukiugusa kwa ulimi ni mchungu. Wengi hudhani ni kuvu. Mmoja hukichemsha, mwingine hukiloweka kwenye jiki, mwingine humwachia dalali kwa bei ya kutupa. Wote hupata hasara kwa kutojua mdomo huo umetengenezwa kwa kitu gani.

Ni mpira na salfa. Ndiyo, salfa ile ile tunayopulizia mikorosho kuzuia ubwiriunga.

Mwaka 1839, Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto hauyeyuki kwa joto wala haukakamai kwa baridi. Mwaka 1851, ndugu yake Nelson Goodyear alipata hataza ya mpira mgumu: salfa ikizidishwa sana, mpira huwa mgumu kama pembe na hung'aa ukisuguliwa. Mpira huo ukaitwa eboniti, kwa kufananishwa na mti mweusi mgumu unaofanana na mpingo. Kwenye tairi, salfa ni sehemu chache tu katika 100. Kwenye eboniti hufika karibu 30, wakati mwingine zaidi. Watengenezaji wa viko waliipenda kwa sababu haivunjiki ovyo na ni laini kwa meno.

Viwanda vya Ulaya vilihitaji mpira mwingi, na sehemu yake ilitoka kwetu. Katika misitu ya pwani kuna mtambaazi uitwao kitaalamu Landolphia kirkii, ndugu wa mbungo unaotupa matunda ya mabungo. Jina hilo la kitaalamu linamkumbuka John Kirk, aliyeiwakilisha Uingereza huko Zanzibar hadi miaka ya 1880. Wenyeji waliukata mtambaazi huo, wakakusanya utomvu wake mweupe na kuuviringisha ukawa madonge, kisha wakawauzia wafanyabiashara wa pwani. Bei ilipopanda, wengine walikata mtambaazi wote badala ya kuuchanja, na misitu ikaanza kukauka mpira.

Wajerumani nao wakapanda mashamba ya mpira wa aina ya mihogo, hasa upande wa Tanga na Muheza. Kufikia 1912 mpira ulikuwa kati ya mazao makuu ya kuuza nje. Mwaka 1913 bei ilianguka, kwa sababu mashamba makubwa ya Asia yalikuwa yakitoa mpira bora kwa gharama ndogo. Mashamba mengi ya huku yakaachwa. Aliyetegemea zao moja aliumia, na funzo hilo halijapitwa na wakati.

Miaka ya 1950 kiko chenyewe kilianza kutengenezwa nchini. Kampuni ya Tanganyika Meerschaum Corporation ya Arusha ilitumia jiwe jeupe jepesi lililochimbwa bonde la Amboseli, mpakani na Kenya. Viko vyake viliuzwa hadi ng'ambo, na chapa yake mojawapo iliitwa Kiko, yenye nembo ya tembo. Kama ilivyokuwa kawaida ya wakati ule, eboniti ndiyo iliyotumika sana kwa midomo. Kwa hiyo kiko cha mzee kinaweza kuwa kazi ya Arusha. Tazama nembo kabla ya kukubali bei.

Sasa, kwa nini kijani? Mwanga wa jua, hewa na unyevu huishambulia salfa iliyo juu ya eboniti. Hapo hutokea asidi kidogo. Ndiyo ule uchungu. Joto huharakisha, na ndiyo maana kuchemsha huongeza tatizo. Jiki huondoa rangi lakini huacha uso wenye vishimo.

Fanya hivi:

1. Kiko kikiwa kimepoa, chomoa mdomo taratibu kwa kuuzungusha. Bori la jiwe usililoweshe wala kuliangusha, huvunjika.
2. Funika nembo kwa gundi ya karatasi. Usisugue sehemu inayoingia kwenye bori, italegea.
3. Sugua kwa msasa laini wa maji, namba 800, kisha 1000, mwisho 2000. Maji yawe ya baridi. Harufu ya salfa ikitoka, ujue ni eboniti kweli. Plastiki hainuki hivyo.
4. Pitisha dawa ya meno kidogo kwa kitambaa, suuza, kausha.
5. Paka tone la mafuta ya zeituni, acha kidogo, futa mpaka pakauke. Petroli na thina usiguse.
6. Hifadhi ndani ya kitambaa, kwenye boksi, mbali na dirisha.

Kama rangi imeanza kidogo tu, anza na hatua ya nne; msasa hula eboniti na haiongezeki tena. Kinachotumika kifutwe kila baada ya kutumiwa, maana mate nayo ni unyevu.

Mfanyabiashara, usipange viko juani mbele ya kibanda ili vionekane. Wiki chache za jua la Dar zinaweza kukupotezea kazi yote ya msasa. Onyesha kimoja, vingine viwe kivulini.

Sisemi haya kumhimiza mtu avute. Madhara ya tumbaku tunayajua. Lakini kiko cha babu ni mali ya familia. Kabla hujakiuza au kukitupa, kisafishe kwanza, usome nembo yake, ndipo uongee bei.