Mapigo ya Chipu na Usimamizi wa Umeme Kazini

Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la majitope katika mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga, ulibomoka, tope likaingia kwenye makazi na mashamba. Migodi ya dhahabu ya Geita na Kahama nayo ina mabwawa ya aina hiyo. Kuta kama hizo hufuatiliwa kwa vihisio vinavyopima shinikizo la maji ndani ya udongo, na kompyuta ndogo inayovisoma, ikiwa mbali na nguzo ya umeme, hutegemea betri na sola. Mvua ndiyo inayopandisha maji ukutani, na mawingu yaleyale ndiyo yanayoinyima sola jua. Kwa hiyo kila chembe ya umeme ina thamani.

Ili kuuokoa, ni lazima kwanza kuelewa kinachoitwa "clock" ndani ya chipu ya kompyuta hiyo, neno ambalo wengi hulifasiri "saa". Sikubaliani nao. Saa hutaja wakati. Kitu hiki hakitaji wakati wowote. Ni volti inayopanda na kushuka mamilioni ya mara kwa sekunde, na saketi hupiga hatua kwa kuifuata. Hayo ni mapigo. Kila pigo hula umeme, hata pale ambapo sehemu ya chipu inayolipokea haina kazi. Mapigo yakifungwa, rejesta, yaani visanduku vidogo vya kumbukumbu ndani ya chipu, hubaki na yaliyomo, umeme kidogo huendelea kuvuja, na kuamka huwa haraka. Umeme ukikatwa kabisa, uvujaji nao hukoma, lakini rejesta husahau yote, na kiendeshaji, yaani programu inayoongoza kifaa, hulazimika kuandika mipangilio upya. Anayeyaita yote mawili "kuzima" anamficha mwanafunzi tofauti kubwa.

Kwenye kompyuta inayoendeshwa na Linux, kulaza na kuamsha huko husimamiwa na mfumo ulioingia kwenye toleo 2.6.32, mwaka 2009, ambao nauita usimamizi wa umeme kazini: mashine iko macho, ila kifaa kisicho na kazi kinalala. Kerneli, kiini cha Linux, hutunza hesabu ya wanaokihitaji. Anayekitaka huongeza moja, akimaliza hupunguza moja. Ikifika sifuri, kifaa hulala.

Hapa ndipo wengi walipojikwaa. Amri ya pm_runtime_get_sync huongeza hesabu hata kuamsha kunaposhindikana. Kiendeshaji kikirudisha kosa bila kupunguza, hesabu haifiki sifuri tena, kifaa hakilali, na dalili pekee ni betri inayokwisha mapema. Kosa hili lilienea hata toleo 5.10, la Desemba 2020, likaleta pm_runtime_resume_and_get, ambayo hujirudishia hesabu ikishindwa. Kosa la upande wa pili, kugusa rejesta mapigo yakiwa yamefungwa, hujitangaza lenyewe: kwenye chipu nyingi mashine huganda papo hapo.

Kuna pia muda wa kusubiri kabla ya kulala, ambao napenda kuuita subira ya usingizi. Kifaa kinachosoma ukuta mara moja kwa saa hakiuhitaji. Mvua ikikolea na vipimo vikafuatana, milisekunde chache za subira huokoa umeme, kwa kuwa kuamka nako kuna gharama.