"Zany": Mtumishi Aliyegeuzwa Kivumishi

Kivumishi cha Kiingereza "zany" huelezea ucheshi wa vituko usiofuata mantiki. Hata hivyo, chimbuko lake si wazimu bali jina la mtu. Zanni ni umbo la Giovanni, yaani Yohana, katika lahaja za kaskazini mwa Italia. Katika karne ya 16, commedia dell'arte, drama ya vinyago iliyobuniwa papo kwa papo jukwaani, ilimpa jina hilo mhusika mtumishi: mwenye njaa isiyoshibika, mfano wa maskini wa milima ya Bergamo waliohamia Venice kutafuta vibarua. Arlecchino ni wa ukoo huo.

Mwishoni mwa karne hiyo neno liliingia Kiingereza likiwa nomino. Shakespeare alilitumia katika *Twelfth Night*. "Zany" alikuwa msaidizi wa mcheshi, aliyemwiga bwana wake kwa kuboronga. Baadaye nomino ikazaa kivumishi. Kichekesho kikabaki, mtumishi akasahaulika.

Kwa hiyo, mhakiki anayesifu ucheshi kwa neno hili hana budi kuuliza: nani anacheka, na nani anachekwa? Kile kinachoonekana leo kuwa upuuzi mtupu kiliwahi kuwa dhihaka ya tabaka.