Az-Zahrawi na Vikwanguo vyake vya Meno

Utawasikia baadhi ya wazee wetu wakisema kuwa kwenda kwa daktari wa meno kukwanguliwa ukoga ni mtindo wa Wazungu, na mwenye mswaki wake hana haja nao. Mswaki ni jambo kubwa. Bwana Mtume (s.a.w.) angaliuamrisha kwa kila Sala, lau si kuchelea kuutia umati wake mashakani. Lakini hilo la Wazungu si kweli.

Katika mji wa Qurtuba, huko Andalusi, aliishi mganga Mwislamu, Abulqasim Khalaf bin Abbas Az-Zahrawi, aliyefariki yapata mwaka 1013. Kitabu chake At-Tasrif kina sehemu 30, na ya mwisho ni ya upasuaji. Humo mna mlango mzima wa kukwangua meno. Anaeleza magamba magumu yanayoganda juu ya meno na kando ya fizi, meno yakageuka manjano, kijani, hata meusi, na ubovu ukaingia fizini. Humwagiza mganga amkalishe mgonjwa mbele yake, ampakate kichwa, akwangue mpaka isibaki chembe. Yasipoisha siku hiyo, arudie ya pili na ya tatu. Kisha akachora vikwanguo 14, maana kinachofaa upande wa nje wa jino hakifai upande wa ndani, wala baina ya jino na jino.

Kwa nini mswaki pekee hautoshi? Uchafu wa meno ukiwa laini, mswaki huutoa. Ukiachwa, chumvi zilizomo katika mate huugandisha ukawa kama jiwe, na jiwe hilo halitoki kwa mswaki. Ufizi huvimba na kutoka damu, na mfupa ulioshika jino huliwa pole pole, hata jino zima lisilo tundu likalegea. Wako wanaolalamika kuwa walikwanguliwa wakarudi na mianya. Mianya ilikuwapo, ukoga ndio ulioiziba. Az-Zahrawi mwenyewe aliyajua sana meno yaliyolegea, akafundisha kuyafunga kwa uzi wa dhahabu. Tiba ya gharama hiyo, na kikwanguo ni kipande cha chuma tu!

Katika karne ya 12, Gerard of Cremona aliifasiri sehemu hiyo ya upasuaji kwa Kilatini mjini Toledo, na michoro ya vyombo ikaenda pamoja nayo mpaka mikononi mwa wapasuaji wa Ulaya.