Kitabu Kilichoitwa "Lala Salama"

Katika karne ya 15, mapadre wengi wa Ulaya walikuwa na kitabu cha mahubiri ya Kilatini ambacho jina lake la utani lilikuwa Dormi secure, yaani "Lala Salama". Kilitungwa na mtawa Mfransisko aitwaye Johannes wa Werden, kikachapishwa mara nyingi. Jina lilijieleza lenyewe: padre asikeshe Jumamosi usiku akihangaika, kwa kuwa mahubiri ya kesho yamekwisha kuandikwa. Afungue ukurasa wa Jumapili husika, asome, arudi nyumbani.

Tusicheke haraka, maana haja iliyozaa kitabu hicho ni ya zamani na ilikuwa haja ya kweli. Tangu mwanzo kanisa halikuhubiri bila somo. Bwana Yesu mwenyewe, kule Nazareti, alipewa chuo cha nabii Isaya, akasoma kwanza, ndipo akanena (Luka 4:16-21). Mnamo mwaka 155 hivi, Justin Mfia-dini alieleza jinsi Wakristo walivyokutana siku ya Jumapili: maandiko ya mitume au ya manabii yalisomwa, kisha kiongozi akawaonya watu wayafuate. Kanisa lilipoenea hata vijijini, wahubiri wenye elimu hawakutosha. Ndiyo maana, karne ya 8 ilipokuwa ikielekea mwisho, mfalme Karolo Mkuu alimwagiza mtawa Paulo Shemasi akusanye mahubiri ya mababa wa kanisa kwa kufuata kalenda ya mwaka. Nia ilikuwa njema: watu wasikose chakula kwa sababu mpishi hajui kupika. Lakini taratibu, kwa wengine, msaada uligeuka kuwa mto wa kulalia.

Mwaka 1521 Dkt. Martin Luther alikuwa amefichwa katika ngome ya Wartburg. Wengi tunakumbuka kwamba huko alitafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani. Wachache wanajua kwamba huko huko aliandika pia mafafanuzi ya masomo ya Jumapili na sikukuu, yaliyochapishwa mwaka 1522. Kitabu cha namna hiyo kiliitwa Postila, jina litokanalo na maneno ya Kilatini yenye maana ya "baada ya maneno yale". Somo husomwa kwanza. Ufafanuzi huja nyuma yake.

Ndani ya Postila hiyo Luther aliandika jambo la ajabu kwa mwandishi: alitamani vitabu vyake, pamoja na vya walimu wengine wote, vitoweke, ili kila Mkristo aingie katika Maandiko yenyewe. Alivifananisha na jukwaa la fundi. Fundi husimamisha jukwaa la miti apate kujenga ukuta. Nyumba ikisimama, jukwaa hubomolewa. Hakuna ahamiaye jukwaani na kuiacha nyumba.

Hata hivyo, mwaka 1526, alipotoa utaratibu wa Misa ya Kijerumani, aliyaacha masomo ya kila Jumapili kama yalivyokuwa, akashauri pia kwamba wahubiri wasioweza wawasomee watu Postila. Aliona ni heri hivyo kuliko kila mtu kuhubiri mawazo yake. Mwaka 1528, alipokagua sharika za Saksonia, alikuta watu wasiojua hata mambo ya msingi ya imani, na wachungaji wengi wasioweza kufundisha. Kwa sababu hiyo mwaka 1529 alitoa Katekisimo Ndogo na Katekisimo Kubwa. Mwaka uliofuata, katika dibaji mpya ya Katekisimo Kubwa, aliwakemea wachungaji wavivu, akikitaja kwa jina kile kitabu cha "Lala Salama". Sasa vitabu vizuri vipo tele, alisema, nao hata kuvisoma hawavisomi. Yeye mwenyewe, daktari wa theolojia, alikariri Amri Kumi, Imani na Baba Yetu kila asubuhi kama mtoto.

Je, alijipinga? Hapana. Alijua tofauti kati ya jukwaa na mto.

Njia yake mwenyewe aliieleza mwaka 1535 kwa kinyozi wake, Peter, aliyetaka kujua namna ya kuomba. Alimwambia achukue kila amri na kuisokota kama taji la nyuzi nne: inanifundisha nini, namshukuru Mungu kwa lipi, natubu nini, naomba nini. Mwaka 1539, akitumia Zaburi ya 119, alitaja mambo matatu yanayomfanya mtu kuwa mwanatheolojia: sala, kulitafakari Neno, na majaribu.

Hilo la tatu ndilo lisiloazimika. Naweza kuazima ufafanuzi wa mtu mwingine, hata sala yake. Lakini majaribu ya usharika huu, mjane aliyezika juzi, mkulima ambaye mahindi yake yamekauka, kijana aliyeacha kuja ibadani, hayamo katika kitabu cha Köln wala katika simu ya mkononi. Mhubiri anayenakili mahubiri ya intaneti Jumamosi saa nne usiku hutoa maneno ambayo huenda ni ya kweli, ila hayajapita katikati ya watu hawa. Watu hula, lakini hawashibi.

Kanisa letu limetupatia kalenda ya masomo, na wahubiri wetu wengi mitaani ni wainjilisti na wazee wa kanisa wenye kazi nyingi. Vitabu vya msaada wavitumie bila haya, lakini somo waanze nalo Jumatatu, watembee nalo wiki nzima. Nawe, mpendwa Msharika, usimwachie mhubiri peke yake. Lisome somo nyumbani kabla ya Jumapili, pamoja na watoto, kwa maswali yale manne ya kinyozi. Watu wa Beroya walisifiwa kwa kuyachunguza Maandiko kila siku (Matendo 17:11), nao walikuwa wasikilizaji, si wahubiri.

Februari 1546, mjini Eisleben, Luther alihubiri kwa mara ya mwisho, juu ya Mathayo 11:25-30. Aliyakatisha mahubiri kwa kuwa alikuwa dhaifu, ingawa alikuwa na mengi zaidi ya kusema juu ya somo hilo. Tarehe 18 alifariki. Alikuwa amehubiri zaidi ya miaka 30, na somo bado lilikuwa halijamwishia.