Mirathi ya Mtoto wa Nje ya Ndoa: Deni Linalodaiwa Tangu 1969

Mahakama ya Juu ya Kenya ilipoamua, Juni 30, 2025, kwamba mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa asinyimwe urithi wa babake Mwislamu kwa sababu hiyo tu, mjadala mkali ulizuka. Wanazuoni wengi walishikilia kuwa nasaba ya mtoto huyo iko kwa mamake, na huko ndiko anakorithi. Babake akitaka kumwachia kitu, amwandikie wasia usiozidi thuluthi ya mali.

Lakini anayedhani kwamba huu ni ugomvi wa Waislamu pekee, hajatazama nyuma.

Mwaka 1959, serikali ya kikoloni ilipitisha sheria iliyomwezesha mama asiyeolewa kumshtaki baba wa mtoto ili atoe pesa za matunzo. Mwanahistoria Lynn Thomas, aliyefanya utafiti wake Meru, anaeleza kilichowaudhi wanaume. Kimila, aliyempa msichana mimba alimlipa babake msichana fidia. Sheria mpya ilizitia pesa mkononi mwa mama mwenyewe.

Baada ya uhuru, wabunge waliiandama sheria hiyo. Walidai kwamba wasichana wamegeuza mimba kuwa biashara, na kwamba sheria yenyewe ni ya Wazungu, si ya Waafrika. Viongozi wa shirika la Maendeleo ya Wanawake walipinga, wasisikizwe. Juni 1969 sheria ikafutwa, na Bunge lililoifuta halikuwa na mbunge mwanamke hata mmoja. Grace Onyango wa Kisumu, wa kwanza kuchaguliwa, alishinda Desemba mwaka huohuo.

Tabia za akina mama zilihukumiwa hadharani, akina baba wakaenda zao. Aliyebaki kulipa ni mtoto, aliyehitaji chakula na karo, na ambaye hakuwa na kosa lolote.

Sheria ya Urithi ya 1972, iliyoanza kutumika Julai 1981, ilimtambua mtoto wa nje iwapo babake alimkubali au kujitwika malezi yake. Aliyekanwa na babake alipoteza jina na shamba pamoja. Ndiyo maana baadhi ya matanga huishia kwa vurugu za vipimo vya DNA. Mwaka 1990 Waislamu waliondolewa chini ya kanuni hizo za urithi. Katiba ya 2010 ikawapa wazazi wote wawili jukumu sawa, wameoana au la.

Masheikh wana haki ya kutetea dini yao, na hoja yao ya wasia ni nzito. Basi waihubiri kila Ijumaa, ili akina baba waandike wangali hai. Nalo Bunge lina deni lake: liirekebishe Sheria ya Urithi, ili haki ya mtoto itokane na kuzaliwa kwake, si na hisani ya babake.